Mkahawa Unaohudumia kwa Ishara

Atokaye Mbeya kwenda Dar es Salaam hupita Ipogolo, chini ya mlima, bila kuuona mji wa Iringa. Namsihi ashuke, apande hadi Neema Crafts.

Kituo hiki cha Kanisa Anglikana, Dayosisi ya Ruaha, kilianzishwa mwaka 2003 na Susie Hart, msanii kutoka Uingereza, kwa vijana viziwi watatu na kazi ambayo wengi wangeikunjia pua: kutengeneza karatasi kwa kinyesi cha tembo. Kinyesi huchemshwa, nyuzinyuzi zikaoshwa na kupondwa, kisha rojo ikatandazwa kwenye chekeche hadi ikauke. Ukiishika karatasi ile mkononi, unaona vipande vya majani aliyokula tembo.

Leo kuna ufumaji, ushonaji, shanga, na mkahawa wenye wahudumu viziwi. Unaandika unachotaka kwenye kikaratasi, mhudumu anasoma, anakutazama usoni, anaitikia kwa kichwa, anakwenda. Mara ya kwanza niliona haya kwa kutojua hata ishara ya asante. Alinifundisha papo hapo, akanifanya nirudie mara mbili mpaka nikapatia.

Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010 inamtaka mwajiri mwenye wafanyakazi 20 au zaidi atenge asilimia 3 ya nafasi kwa ajili yao. Neema wao walianza kabla ya sheria, na hawakuishia kwenye asilimia. Hongera zao! Na Mbeya, jiji kubwa kuliko Iringa, nalitamania mkahawa kama huu.