Kinesini Haitembei kwa Madaha

Kama umesoma biolojia chuoni, huenda umeshaiona: protini yenye miguu miwili inatembea polepole juu ya mikrotubuli, imebeba kifuko kikubwa kama hamali na gunia lake. Kipande hicho kimetoka kwenye The Inner Life of the Cell, katuni ya kompyuta ambayo kampuni ya XVIVO iliitengenezea Harvard mwaka 2006. Mimi naipenda. Ila kuhusu namna oganeli zinavyopata mahali pake ndani ya seli, inatupotosha.

Anza na kasi. Hatua moja ya kinesini ni kama nanomita 8, na nishati ikiwepo ya kutosha hupiga hatua karibu 100 kwa sekunde. Halafu njia yenyewe: kwenye katuni ni nyeupe, wakati seli halisi imesongamana kama daladala la jioni. Haya mawili nasamehe, maana bila kupunguza mwendo na kuondoa msongamano tusingeona kitu.

Nisilosamehe ni ule uhakika wa safari. Kifuko cha katuni kinaonekana kinajua kinakokwenda. Sasa tia rangi lisosomu za seli hai, uziangalie kwa hadubini dakika mbili tu. Nyingine zinatetemeka palepale. Nyingine inakimbia kuelekea pembeni, inasimama, inarudi ilikotoka. Sababu ni kwamba mzigo mmoja mara nyingi umeshikwa na mota za pande mbili: kinesini nyingi huvutia pembeni, dayenini huvutia katikati, karibu na kiini. Yaani mahali pa oganeli panatokana na mvutano, na mvutano huo hubadilika. Seli ikikosa virutubisho, lisosomu hukusanyika karibu na kiini; ikilishwa, husambaa kwenda pembeni. Katuni ya hamali mmoja haiwezi kukueleza hilo.

Lakini tuwe wakweli, video zetu nazo zina kasoro. Mwanga wa leza huumiza seli, protini ing'aayo ikizidi inaweza kuzihamisha oganeli zenyewe, na kwenye semina tunaonyesha ile seli iliyotoka vizuri. Ukiona video yangu, niulize nilitazama seli ngapi.

Hebu itazame katuni tena, kisha tafuta video ya lisosomu za seli hai. Chagua moja, ifuate kwa kidole kwenye skrini. Utachoka kabla haijafika popote.