Runinga ya mamilioni, poti ya 1995

Tuseme mapema tusipotezeane muda: anayetengeneza runinga ya 4K na kuiwekea poti ya LAN ya megabiti 100 kwa sekunde amekosea, na amekosea akijua. Samsung, LG na Sony wamelifanya hilo mwaka baada ya mwaka, hadi kwenye OLED zao za bei mbaya. Kioo ni safi, weusi ni weusi kweli, HEVC ya biti 10 inafunguka bila kulalamika. Hayo nawapa alama zao zote. Twende kwenye poti.

Ethaneti ya megabiti 100 ilipitishwa kuwa kipimo rasmi mwaka 1995. Gigabiti juu ya waya wa shaba ilifuata 1999, na Julai 2000 Apple tayari walikuwa nayo kwenye Power Mac G4. Mwaka 2019 ikaja Raspberry Pi 4, kibao cha dola 35 ambacho wanafunzi hujifunzia kuandika programu, nacho kikatoka na gigabiti kamili. Kwa hiyo hoja ya gharama ife hapo hapo. Runinga ya mamilioni ya shilingi kushindwa kuwa na kitu kilichomo kwenye kibao cha dola 35 ni sawa na kujenga ghorofa Mbweni ukaliwekea mlango wa banda la kuku.

Utetezi wao tunaujua. Netflix inaomba megabiti 15 tu kwa 4K, hivyo 100 inatosha na chenji inabaki. Kwa mtu wa Netflix, sawa. Ila mwenye seva ya filamu nyumbani anacheza mafaili yaliyotolewa kwenye diski, na diski ya Ultra HD Blu-ray, tangu ilipoingia sokoni 2016, inaruhusiwa kufika megabiti 128 kwa sekunde. Na ile 100 ya kwenye karatasi, ukitoa mizigo ya pakiti njiani, inabaki kama 94.

Hapo atainuka mtu na hoja ya wastani: faili lenyewe linakwenda 70, tatizo liko wapi? Tatizo ni kwamba hakuna anayetazama wastani. Watu wawili wakikaa mezani wanaongea, biti zinashuka. Mvua ikinyesha, moshi ukitanda, chembechembe za filamu zikijaa kwenye giza, biti zinapaa kwa sekunde kadhaa, na ni sekunde hizo hizo ulizonunulia OLED. Gemini Man ya Ang Lee, yenye fremu 60 kwa sekunde ndani ya 4K, ndiyo aina ya faili inayoibana poti hii kooni.

Kinachofuata mmekiona wote. Bafa ya runinga, ambayo nayo ni ya kubahatisha, inakauka. Kaduara kanaanza kuzunguka. Mwenye nyumba anachoka, anaingia kwenye mipangilio ya Jellyfin, programu ya seva yake, anashusha ubora, na papo hapo seva inaacha kulicheza faili moja kwa moja, inaanza transkodi, yaani kuigeuza video upya. HDR inageuzwa SDR, rangi zinapauka, feni inanguruma. Anaitwa fundi. Fundi anafungua dashibodi, anakuta prosesa iko asilimia 100, anatikisa kichwa: "Bosi, hii mashine ndogo." Kesho yake wako Kariakoo wanatafuta mashine kubwa. Wanarudi nyumbani Chamazi jioni, wanaichomeka, wanarudisha ubora kamili, na kaduara kako pale pale, kwa sababu runinga haijabadilika. Seva imetozwa faini ya kosa la runinga. Hili ndilo linalonikera kuliko yote: poti mbovu haikatizi filamu tu, inampeleka mtu kununua kifaa kisicho na tatizo.

Maana kwenye seva hakuna mjadala mrefu. Boksi dogo la Intel N100, chipu ya 2023, au kompyuta ndogo ya ofisini iliyotumika yenye i5 kizazi cha 7 kwenda juu, kazi imeisha. Kizazi cha 6 kiache, hakina HEVC ya biti 10 kamili kwenye maunzi. Muuzaji anayekwambia "zote i5 tu, bosi" anakuuzia stika. Na lile kompyuta kubwa la zamani la wati 60 usilionee huruma. Likiwaka mwezi mzima linakula uniti 43. Kama LUKU yako iko kwenye kundi la bei la D1, lile lenye kikomo cha uniti 75 kwa mwezi, zaidi ya nusu imeondoka kabla hujawasha friji. Boksi la wati 10 linakula 7.

Wenye pesa hukimbilia NAS, yaani boksi la diski la kwenye mtandao wa nyumbani, na hapa lazima nirudie lile nililolisema mpaka watu wamenichoka. Synology DS920+ ya 2020 ilikuwa na Celeron J4125, yenye injini ya video ndani. Mrithi wake wa 2022, DS923+, akapewa Ryzen R1600 isiyo na kitengo cha grafiki kabisa. Namba imepanda, kazi imeshuka. Ni ugonjwa ule ule wa runinga: mtu anachora kifaa cha video, halafu anasahau video.

"Tumia Wi-Fi," wanasema. Ni kweli, na ni aibu, kwamba kwenye runinga hizo hizo Wi-Fi hukimbia kuliko waya. Lakini nyumba zetu za Bunju, Madale na Toangoma si za mbao na gipsamu. Ni tofali za saruji, lenta ya zege na nondo. GHz 5 inavuka ukuta wa kwanza ikichechemea. Wa pili inabaki kwenye korido. Sisi ndio watu wa waya hasa, na sisi ndio tuliopewa waya wa kutambaa.

Na mafundi wetu nao wasijifiche nyuma ya Samsung. Gigabiti inataka jozi zote nne za waya. Megabiti 100 inatumia mbili. Bado kuna fundi anayeugawa waya mmoja kuwa soketi mbili, jozi mbili huku, jozi mbili kule, anakutoza soketi mbili. Mwingine anakuvutia waya wa alumini uliopakwa shaba na kukuapia ni Cat 6. Ukwangue kwa wembe: ukiona weupe ndani, mrudishie.

Zamani njia yote ilifikiriwa. Zanzibar ilipoanzisha televisheni mwanzoni mwa miaka ya 1970 ilikwenda moja kwa moja kwenye rangi, ya kwanza kusini mwa Sahara, wakati Bara ilisubiri kituo chake cha kwanza hadi 1994. Mwenye kibanda umiza wa Mbagala enzi za mikanda iliyotafsiriwa na Lufufu alikuwa na deki, waya na TV, na kila kilichotoka kwenye deki kilifika kwenye kioo. Na NVIDIA Shield ya 2015, boksi la kuchomeka kwenye runinga, ilikuwa na gigabiti. Miaka kumi baadaye bado ilikuwa ikipokea masasisho. Hao ndio waliojua kwamba picha ni safari, si kioo peke yake.

Basi usiipe runinga kazi ambayo imekataa kuifanya. Ichukulie kuwa kioo chenye HDMI. Nunua boksi lenye gigabiti: Shield, Google TV Streamer ya 2024, au Apple TV 4K ya 2022 ya GB 128, na si ya GB 64, maana hiyo haina poti kabisa. Runinga kadhaa za Android hukubali adapta ya LAN ya USB. Hata kwenye USB 2.0 inaipita poti yake ya kuzaliwa. Seva, swichi na rauta zichomeke kwenye UPS moja, mgao wa umeme wa 2023 ulishatufunza. Faiba kama haijafika mtaani kwako, haidhuru, filamu haitoki nje ya geti.

Na ukienda dukani, kabla ya kuuliza inchi, uliza poti ya LAN ni mega ngapi. Akikujibu "Wi-Fi ipo, bosi", bei ya boksi ikatwe kwenye bei ya runinga. Akigoma, maduka ni mengi.