Kulisoma Tairi: Namna ya Kupima Ufundi wa Dereva wa Langalanga

Fundi wangu wa pancha huwa halitazami tairi kwanza, hulipapasa. Hupitisha kiganja kutoka nje kuja ndani, kisha hukirudisha. Kikiteleza upande mmoja na kukwaruzwa upande wa pili, anajua magurudumu hayajanyooka na gari limekuwa likiliburuta tairi badala ya kuliviringisha. Hapo hajakuuliza swali hata moja. Tangu nimwone akifanya hivyo, nimeacha kutazama mbio za Langalanga kwa kufuata tu nani yuko mbele. Nafuata matairi.

Anza na ngozi. Matairi ya Formula 1 ya barabara kavu ni vipara tangu kiwandani, kwa hiyo kila doa huonekana. Kamera ya juu ya gari ikikuonyesha tairi la mbele, tafuta ukurutu: uso wa mpira umechanika chembechembe, na chembe hizo zimenata tena juu yake. Hutokea mpira ukilazimishwa kuteleza kabla haujapata joto la kutosha. Ukurutu unaweza kupona. Dereva mtulivu akiliendesha tairi mizunguko michache bila kulisokota, chembe hukwanguka na mwendo hurudi. Malengelenge ni ugonjwa mwingine kabisa. Hapo joto limezidi ndani, mpira umetokota ukapasuka kuja juu, na pale palipopasuka hapashiki tena barabara. Mtazamaji anayevichanganya viwili hivi atamlaumu dereva anayesubiri dawa ifanye kazi, na atamsifu yule anayeua tairi lake.

Kisha kuna bapa, palipolika pakawa tambarare baada ya breki kulifunga gurudumu huku gari likiendelea kwenda. Tarehe 29 Mei 2005, Nürburgring, Kimi Räikkönen alikuwa akiongoza alipofunga breki akimpita dereva aliyeachwa mzunguko mzima. Tairi la mbele kulia likapata bapa. Kuanzia hapo gurudumu lilitetemeka mbele ya macho yetu, na kila mzunguko lilitetemeka zaidi. Mwaka ule sheria ilitaka seti moja itumike katika mchujo na mbio nzima. Tairi lililoharibika liliweza kubadilishwa, lakini kusimama kungempokonya ushindi, na timu ikamwacha aendelee. Mwanzoni mwa mzunguko wa mwisho alikanyaga breki, suspensheni ikavunjika, na Fernando Alonso akapita kwenda kushinda.

Wiki tatu baadaye, Indianapolis, magari 14 yaliyovaa Michelin yaliingia piti baada ya mzunguko wa kujipanga na hayakutoka tena, kwa kuwa matairi yao hayakuwa salama kwenye kona yenye mwinuko. Yakashindana magari 6 ya Bridgestone. Ruhusa ya kubadili matairi ilirudi 2006, na ilistahili kurudi. Sheria inayomweka dereva kati ya ushindi na shingo yake imebana mno, wala sioni la kujadili hapo.

Swali gumu ni kuhusu sheria zilizofuata. Tangu 2011 Pirelli ndiye msambazaji pekee. Katika wikendi ya kawaida kila gari limekuwa likipewa seti 13 za barabara kavu. Kiwango cha chini cha upepo wa matairi hakipangwi na timu, na kwenye mbio kavu dereva hulazimika kutumia angalau aina mbili za mpira. Wako wanaosema kamba imebana kila mahali. Mimi nina kipimo kimoja: je, timu mbili zenye akili zinaweza kuijibu sheria hiyo kwa njia mbili tofauti? Zikiweza, ibane itakavyo. Ufundi utapata pa kupumulia. Zisipoweza, dereva amegeuzwa tarishi.

Tazama Silverstone, Agosti 2020. Wakati huo kumi wa kwanza walilazimishwa kuanza mbio na matairi waliyotumia katika kipindi cha pili cha mchujo. Sheria ya kubana kweli. Lakini Max Verstappen alipita kipindi hicho kwa mpira mgumu, akijua utamgharimu kasi siku ile. Siku ya mbio Mercedes zilizokuwa mbele yake ziliota malengelenge mapema, naye tairi lake likawa zima. Alipoambiwa redioni apunguze mwendo kulinda matairi, alikataa, kwa kuwa aliona fursa ambayo asingeipata tena. Alishinda. Ule uamuzi wa Jumamosi ulitoka ndani ya sheria yenyewe, kwa hiyo siwezi kuilaani.

Sasa linganisha na Monaco 2025. Mwaka uliotangulia bendera nyekundu ilitoka mzunguko wa kwanza, kila mmoja akapata nafasi ya kubadili matairi bure, na kumi bora wakamaliza kwa mpangilio uleule walioanza nao. Dawa iliyotolewa ilikuwa kulazimisha seti tatu, yaani kusimama mara mbili. Kilichotokea ni kwamba timu kama Racing Bulls na Williams zilimtumia dereva mmoja kuwazuia walio nyuma kwa mwendo wa kobe, ili mwenzake asimame bila kupoteza nafasi. Madereva wenye vipaji vikubwa kabisa walikuwa wakifanya kazi ya geti. Iliniuma kuitazama.

Qatar mwaka huohuo ni mfano wa hesabu. Kwa ajili ya usalama, hakuna seti iliyoruhusiwa kupita mizunguko 25, na mbio zilikuwa za mizunguko 57. Gari la usalama likatoka mzunguko wa 7. Waliosimama hapo walibaki na 50 kamili, yaani 25 mara mbili, na kituo chao cha pili kikawa kimepigwa muhuri papo hapo. McLaren hazikusimama, na Verstappen akashinda. Usalama siupingi. Ila siku ile hakuna aliyepata sababu ya kulitunza tairi lifike mzunguko wa 30, na kutunza ndiyo nusu ya ufundi ninaoutafuta.

Nusu hiyo huonekana kwenye saa. Gari huanza na mafuta mengi, na kila mzunguko linakuwa jepesi. Kwa hiyo muda ukibaki palepale, tairi linachakaa na kula faida yote ya wepesi. Ukipungua polepole bila kurukaruka, una dereva anayejua kutunza. Nampima hasa akiwa nyuma ya mwenzake, kwenye hewa iliyovurugwa, gari linapoteleza na mpira kupata moto. Wa kawaida hung'ang'ania mkia wa aliye mbele mpaka matairi yaishe. Fundi huacha mwanya, akapoza, kisha akaja kwa mizunguko miwili tu ya kweli.

Sharti la aina mbili za mpira ningelifuta kesho, na ushahidi wangu ni mvua. Dereva akivaa matairi ya mvua, sharti hilo hudondoka. Istanbul, Novemba 2020, lami ilikuwa inateleza kama sabuni. Lance Stroll, aliyeongoza kwa muda mrefu, alibadili, matairi mapya yakaota ukurutu, akamaliza wa 9. Lewis Hamilton alisimama mzunguko wa 8 kati ya 58, akavaa matairi ya mvua ya kati, na hakusimama tena. Karibu na mwisho timu ilitaka aingie. Alikataa, maana mwaka 2007 huko Shanghai, akiwa na matairi yaliyokwisha, aliteleza kwenye changarawe akiingia piti, na ubingwa ukamponyoka. Safari hii alijua mpira wake uko katika hali gani, akamaliza wa kwanza na kutwaa ubingwa wa saba. Sergio Pérez, aliyekuwa wa pili, naye alisimama mara moja tu. Mifereji ya matairi ya Hamilton ilikuwa imefutika, yamebaki vipara kama ya barabara kavu. Ningempa fundi wangu ayapapase.