Reli Iliyokufa na Barabara Nyeupe: Ukimya wa Baiskeli Ufaransa Ulivyopatikana

Kusini mwa Bourgogne, kati ya miji ya Cluny na Mâcon, kuna kilima kiitwacho Bois Clair. Si kirefu cha kutisha, lakini kimekaa njiani: anayetoka Cluny kwenda Mâcon sharti akipande au akitoboe. Treni za kasi za Paris–Lyon, zilizoanza safari mwaka 1981, zinakatiza vilima hivyohivyo. Malori yanayoivuka nchi kutoka mashariki kwenda magharibi yanabanana kwenye barabara kuu ya N79. Na chini kabisa, ndani ya handaki la urefu wa kilomita 1.6 ambalo garimoshi lilikwisha kulihama, wanapita watu wa baiskeli.

Kilima kimoja, njia tatu, na hakuna anayemsumbua mwenzake. Watalii husifu mashamba ya mizabibu na ng'ombe weupe wa Charolais, na wana haki. Lakini utulivu wanaoufuata Ufaransa ni kazi ya mpangilio kuliko ya mandhari: magari yalipewa pa kwenda, na njia za karne ya 19 zikaachwa mahali pake badala ya kufukiwa.

Mfano ulioanzisha mambo ni kipande cha Givry hadi Cluny, kilomita 44, kilichofunguliwa mwaka 1997. Wafaransa wanakihesabu kuwa ndiyo njia ya kijani, yaani njia isiyoruhusu magari, ya kwanza nchini mwao. Kimelala juu ya tuta la reli iliyoshuka kutoka Chalon-sur-Saône, ikapita Buxy, Saint-Gengoux-le-National na Cormatin. Reli za namna hiyo zilikuwa nyingi mno. Mwaka 1879 waziri wa ujenzi, Charles de Freycinet, aliona ikipita sheria yake ya kuongeza zaidi ya kilomita 8,000 za reli, nia ikiwa kuifikisha treni hata kwenye miji midogo. Kila mbunge alitaka kituo jimboni kwake. Mapato ya njia nyingi hayakukaa sawa tangu siku ya kwanza, na basi na lori vilipoenea baada ya Vita Kuu ya Kwanza, zikaanza kufungwa moja baada ya nyingine. Shirika la reli la taifa, SNCF, lililoanza kazi Januari 1938, lilirithi mzigo huo na kuendelea kuupunguza.

Reli ikifungwa, chuma huuzwa. Vinavyobaki ni vitu viwili ambavyo fundi wa barabara angevilipia fedha nyingi kuvipata upya: mwinuko mdogo na ardhi isiyokatika.

Tuanze na mwinuko. Gurudumu la chuma juu ya reli ya chuma huteleza haraka, kwa hiyo wahandisi wa zamani walikwepa kuzidi asilimia 2 au 3. Walikata vilima, wakajaza mabonde, wakazungusha kona pana. Sasa chukua mtu na baiskeli yake, jumla kilo 80, anakwenda kilomita 15 kwa saa. Kwenye mwinuko wa asilimia 2, kupambana na uzito wake pekee kunamdai wati 65 hivi. Mhamishie kwenye njia ya kijiji yenye asilimia 8 na deni linafika wati 260. Mtu mzima mwenye afya ambaye si mwanamichezo anaweza kutoa wati 100 hadi 150 kwa saa nzima. Kwenye tuta la reli, basi, ataendelea kupiga soga na mwenzake. Kwenye ile njia nyingine atashuka akokote.

Ardhi isiyokatika ni suala la karatasi zaidi kuliko la koleo, na hapa ndipo miradi mingi hufia. Reli ni utepe mwembamba wenye mmiliki mmoja. Ukikaa bila mlinzi, mwenye shamba anaongeza mistari miwili ya mizabibu, mwenye nyumba anajenga banda, halmashauri inauza kiwanja cha stesheni. Kuuza mita 100 tu katikati kunatosha kuua kilomita 20, kwa kuwa mwendesha baiskeli atatemwa barabarani hasa mahali penye magari. Mikoa iliyofanikiwa iliwahi kuuchukua utepe mzima kabla haujagawanywa. Saône-et-Loire, mkoa wa Givry na Cluny, ulikuwa miongoni mwao.

Ujenzi wenyewe hauna maajabu. Reli na mataruma yanang'olewa, kokoto zinasawazishwa na kushindiliwa, juu inapakwa lami ya upana wa mita tatu hivi. Mifereji ya maji ipo tayari. Madaraja yapo tayari pia, na yale yaliyobeba garimoshi la tani kwa makumi hayawezi kulalamikia baiskeli. Fedha na akili vinahitajika zaidi kwenye makutano. Kila njia inapokatana na barabara ya magari husimikwa nguzo za kuzuia gari kuingia na alama ya kumtaka mwendesha baiskeli asimame. Nguzo zikibanana mno, baiskeli yenye mizigo haipiti. Zikiachana mno, gari dogo linapenya. Pembeni mara nyingi kuna kijumba cha mlinzi wa geti la reli, siku hizi kikiwa na maua madirishani na mwenyeji mpya.

Uamuzi wa kuweka lami kati ya Givry na Cluny ulikuwa na uzito kuliko unavyoonekana. Njia nyingi za kandokando ya mifereji, kwa mfano Mfereji wa Nantes–Brest wenye zaidi ya kilomita 360, zimewekwa mchanga ulioshindiliwa. Mchanga ni rahisi na unapendeza macho, ila mvua ikinyesha huingia kwenye cheni na breki, na tairi jembamba huzama. Lami nayo ina adui wake: mizizi. Miti iliyopandwa kutia kivuli huinua tabaka la juu na kuacha matuta ambayo mwendesha baiskeli huyahisi mikononi kabla ya kuyaona.

Handaki la Bois Clair lina wapangaji wengine: popo. Wanajificha humo wakati wa baridi, kwa hiyo miezi hiyo hufungwa na wanaosafiri kwa baiskeli hulazimika kupanda juu ya kilima. Kiangazi hufunguliwa, na anayeingia na jasho la Agosti hujuta kutobeba koti, maana baridi ya ndani haijali kalenda.

Bordeaux nayo ina njia ya kijani ya kwake, inayokwenda Sauveterre-de-Guyenne kupitia mashamba ya mizabibu ya Entre-deux-Mers, kilomita 50 na ushei, sehemu kubwa juu ya reli ya zamani. Imepewa jina la Roger Lapébie, mshindi wa Tour de France ya mwaka 1937, mwaka ambao mashindano hayo yaliruhusu kwanza mtambo wa kubadili gia kwa kuhamisha cheni. Kuna utani kidogo hapo: bingwa wa gia amepewa njia ambayo gia moja ingekaribia kutosha.

Utani huo unagusa udhaifu halisi. Amri ya Septemba 2004 iliyoingiza njia za kijani katika sheria za barabarani ilizitenga kwa vyombo visivyo na injini, waenda kwa miguu na wapanda farasi. Yaani mtoto wa miaka minne aliyejifunza baiskeli jana ana haki ileile ya kuyumba katikati. Kundi la klabu linalokwenda kilomita 35 kwa saa halina kazi hapo, na wengi wao wenyewe huchoshwa na unyoofu wa reli baada ya nusu saa. Wao hutafuta ukimya kwingine.

Huo uko kwenye zile barabara ambazo ramani za Michelin huzichora kwa rangi nyeupe. Nyekundu ni za safari kubwa, njano huunganisha miji, nyeupe ndizo zilizobaki. Wingi wake una chanzo katika sheria ya tarehe 21 Mei 1836, iliyozibana serikali za vijiji kutunza njia zao na kuziruhusu kumdai mwanaume mwenye nguvu hadi siku tatu za kazi kwa mwaka, yeye na mkokoteni wake, au alipe fedha. Kwa msaragambo huo nchi ikafumwa njia za kuelekea kila kinu, kila kanisa, kila gulio.

Kisha watu wakaondoka. Mkoa wa Creuse ulikuwa na wakazi zaidi ya 280,000 katikati ya karne ya 19. Leo hawafiki 120,000. Njia walizozichonga hawakuondoka nazo, na zimeendelea kupakwa lami kwa sababu maziwa lazima yatoke na basi la shule lazima lifike. Wakati huohuo barabara za kulipia, kama A6 ya Paris–Lyon, zilinyonya safari ndefu. Barabara iliyojengwa kwa ajili ya watu wengi, yenye watu wachache: hesabu ni hiyo.

Kuichora safari kwenye ramani kuna ujanja wake. Bonde la mto ni mtego, kwa kuwa reli, mfereji na barabara kuu vyote vilifuata maji. Wenyeji hupanda ngazi moja juu, kwenye mabega ya vilima, ambako nyeupe hupinda bila haraka. Nyeupe iliyonyooka kati ya miji miwili huiogopa: hiyo ndiyo njia ya mkato ya wafanyakazi, asubuhi na jioni. Saa sita hadi saa nane mchana, Ufaransa ikiwa mezani, hata ya njano hutulia. Chupa hujazwa kwenye bomba la makaburini, baada ya kuangalia kama hakuna kibao kinachosema maji si ya kunywa. Gharama ya barabara hizi ni milima. Ukimya wa nyeupe hulipiwa kwa mapaja.

Kuna gharama nyingine, ya kiangazi. Barabara hizi hukarabatiwa kwa kumwagiwa lami ya moto na kutandazwa kokoto ndogo, halafu magari huachiwa kazi ya kumalizia kuzikandamiza. Mahali penye magari kumi kwa siku, ukandamizaji huo huchukua majuma. Kokoto hukusanyika katikati na kwenye kona, hasa kona za mteremko, na tairi la milimita 25 lililojazwa upepo hadi kuwa gumu hupoteza mshiko hapo. Wengi wamehamia milimita 28 hadi 32 na kupunguza upepo. Kibao cha onyo huwekwa mwanzoni mwa kipande. Anayeingilia kwenye njia ya shamba katikati hakioni.