Makrofaji Zilizosingiziwa Upishi

Uamuzi ulioiponza makala ile ya mwaka 2011 haukufanyika kwenye vizimba vya panya. Ulifanyika mezani, data zikiwa zimeshakusanywa, pale kundi la Ajay Chawla wa San Francisco lilipohitimisha kwamba makrofaji za kwenye mafuta, seli za kinga zinazomeza mabaki, hutengeneza zenyewe katekolamini, yaani noradrenalini na jamaa zake, zinazoyaamsha mafuta yazalishe joto. Jarida la Nature likaichapa, wengi wakaipokea bila kuuliza sana, na kwa miaka kadhaa michoro ya makala za mapitio ikapambwa kwa mshale unaotoka kwenye makrofaji kwenda kwenye seli ya mafuta. Mshale huo ulielekezwa vibaya.

Kazi ya msingi haikuwa ya ovyo: baridi iliziamsha makrofaji kwa njia mbadala, ile ya intaleukini-4, na panya waliozikosa walishindwa kujimudu sawasawa kwenye baridi.

Ugomvi unaanzia hatua iliyofuata. Rejea ushahidi wenyewe wa makala hiyo. Ondoa makrofaji hizo, na panya anayumba. Mdunge intaleukini-4, na jeni za kuzalisha joto zinapanda, asidi za mafuta zinaachiliwa, matumizi ya nishati yanaongezeka. Yote hayo yanajibu swali moja tu: je, makrofaji zinahusika? Swali la pili, zinahusika kwa kufanya nini hasa, halijibiki kwa kuziondoa. Panya asiye na makrofaji amekosa kila kazi ya makrofaji kwa mkupuo: kufagia seli zilizokufa, kutoa saitokini, kukarabati tishu, kumeza vilivyomwagika. Kuchagua kazi moja kati ya hizo na kuitawaza kuwa ndiyo sababu, hapo ndipo mguu ulipoteleza.

Tena noradrenalini haipatikani kwa kimeng'enya kimoja. Tairosini haidroksilesi, ambayo ndiyo iliyoshikiliwa kama kidhibiti cha kesi nzima, huanzisha safari tu kwa kuigeuza tairosini kuwa L-dopa. Kuna kimeng'enya kingine cha kuifikisha kwenye dopamini, kisha dopamini beta-haidroksilesi ya kumalizia. Mnyororo huo sharti ukamilike ndani ya seli. Na mafuta ya kahawia yamesukwa kwa nyuzi za neva za simpathetiki ambazo kazi yake ni kumwaga noradrenalini hiyohiyo, saa zote panya anapohisi baridi. Ukiichomoa makrofaji katikati ya nyuzi hizo ukaikuta na noradrenalini, dhana ya kwanza ya kupima ni kwamba imeiokota. Kumkuta mtu midomo inang'aa mafuta ya pilau si ushahidi kwamba ndiye aliyepika. Yawezekana ndiye aliyeimaliza sufuria.

Dhana hiyo ndiyo iliyostahili kupewa nafasi ya kwanza, na haikupewa. Mwaka 2014 maabara hiyohiyo ilirudi kwenye jarida la Cell, safari hii na hadithi ya eosinofili na mafuta ya rangi ya beji, ikiwa imekata jeni ya tairosini haidroksilesi katika seli za ukoo wa myeloidi. Ilikuwa afadhali. Lakini kisu kilichotumika kukata jeni kwenye makrofaji hukata kwenye nutrofili pia, na hitimisho la 2011 lilibaki palepale kana kwamba limeshathibitishwa.

Dawa ilikuja mwaka 2017, katika Nature Medicine. Kundi la Christoph Buettner wa Mount Sinai, New York, pamoja na wenzake wa Ujerumani, lilipita kwenye madai yale moja baada ya jingine. Walifuta jeni ya tairosini haidroksilesi kwenye seli zote za asili ya uboho katika panya wazima, wakawatia baridi: matumizi ya nishati hayakubadilika, na mafuta ya kinena yaligeuka rangi kama kawaida. Wakachukua makrofaji zilizokuzwa kutoka kwenye uboho, wakazichochea kwa intaleukini-4, wakapima noradrenalini kwenye majimaji yake: hazikutoa. Wakayamwagia majimaji hayo seli za mafuta, na jeni za kuzalisha joto kama ya UCP1 hazikuitika. Wakawapa panya intaleukini-4 kwa muda mrefu, nishati haikupanda. Wakaitafuta tairosini haidroksilesi kwenye makrofaji zinazoishi ndani ya mafuta, wakaikosa.

Kisha likaja jibu la nani aliyekula. Mwaka huohuo kundi la Ana Domingos, lililokuwa Ureno, lilizionyesha makrofaji zilizojibandika kwenye neva za simpathetiki zikiwa na Slc6a2, mlango wa kuingizia noradrenalini, na MAOA, kimeng'enya cha kuivunja. Mlango huo ulipofutwa kwenye makrofaji za panya wanene, uzalishaji wa joto ulipanda na wanyama wakapungua uzito. Kule Yale, kundi la Vishwa Deep Dixit lilikuta makrofaji za panya wazee zikivunja katekolamini kwa bidii hadi uyeyushaji wa mafuta ukazorota. MAOA ilipozuiwa, uyeyushaji ukarudi. Yaani seli iliyotajwa kuwa kiwanda ndiyo inayomaliza bidhaa. Kosa la aina hii si la kiasi, ni la mwelekeo: anayetafuta tiba ya unene kwa kuzichochea makrofaji zitoe noradrenalini anasukuma gari kuelekea bondeni.

Wazee wa kazi hii hawakwenda hivyo. Mwaka 1980, Carol Rouzer na Anthony Cerami wa Rockefeller walikuwa na sungura waliopewa Trypanosoma brucei, jamaa ya vimelea vya nagana ambavyo mbung'o huwapelekea ng'ombe wa Afrika Mashariki. Sungura walikonda huku damu yao ikijaa trigliseridi: mafuta yapo, tishu haziwezi kuyachukua, kwa kuwa laipoprotini laipesi, kimeng'enya cha kuyachukua, imeshuka. Mwaka uliofuata Masanobu Kawakami na Cerami wakahamia kwenye sumu ya bakteria, ambayo nayo hushusha kimeng'enya hicho, wakauliza swali la kiungwana kabisa: ni sumu yenyewe inayokishusha, au kuna kitu kinachotolewa na mwili? Walikuwa na panya wa aina ya C3H/HeJ, wasiosikia sumu hiyo. Wakawadunga seramu ya panya wanaoisikia waliokwisha kupewa sumu, na laipesi ikashuka hata kwa wale wasiosikia. Majimaji ya seli za tumboni zilizochochewa kwa sumu yalifanya vivyo hivyo. Hapo hakuna mwanya wa kusema ni sumu iliyobaki kwenye bomba.

Na hata baada ya hapo hawakukimbilia kuchora mishale. Walikisafisha kitu hicho mpaka kikawa protini moja, wakakiita kakektini, na mwaka 1985 Bruce Beutler, Cerami na wenzao wakaonyesha kuwa ndiyo saitokini ya TNF. Panya wa C3H/HeJ walikuja kumpa Beutler jeni ya Tlr4 mwaka 1998, na Nobeli mwaka 2011, mwaka uleule makala ya katekolamini ilipotoka. Gökhan Hotamisligil naye mwaka 1993, akiwa na Bruce Spiegelman, hakutosheka kuikuta TNF kwenye mafuta ya wanyama wanene. Aliizuia ndani ya panya wanene, na mwitikio wa insulini ukaimarika.

Safu hii imeshalalamika kuhusu mambo mawili, na itaendelea. La kwanza ni lebo za makrofaji za M1 (za uchochezi) na M2 (za njia mbadala), zilizokuzwa kwenye vyombo vya maabara na kubandikwa kwenye tishu hai. Bila ya faraja ya lebo ya "mbadala", makrofaji za 2011 zisingepewa kazi moja maalumu kwa haraka vile. La pili ni vyumba vya panya vyenye nyuzi 22. Panya hutulia karibu na nyuzi 30. Huyo wa nyuzi 22 anaishi kwenye baridi ndogo ya kudumu, neva zake zinamwaga noradrenalini mchana na usiku, na kila anayepima anaikuta imetapakaa.

Kwa hiyo mhadhiri ambaye slaidi yake bado ina mshale wa katekolamini kutoka kwenye makrofaji kwenda kwenye seli ya mafuta, aufute kabla ya muhula ujao. Noradrenalini inatoka kwenye neva, na makrofaji iko njiani ikiipunguza.