Kasoro za Istilahi “Mshipa wa Fahamu”

Wanafunzi wa uuguzi na utabibu hufundishwa kuwa neva ni “mshipa wa fahamu”. Twaona istilahi hii ina kasoro mbili. Kwanza, neno mshipa limekwisha kubeba maana nyingi: ni njia ya damu, na kwa watu wengi ni ugonjwa wa ngiri pia. Pili, fahamu ni hali ya kujitambua. Mwenye kifafa akizirai husemwa amepoteza fahamu, ilhali neva zake hazikukatika.

Tumfikirie mwanafunzi aliyepelekwa mazoezini Bariadi, mkoani Simiyu, ambako lugha ya kwanza ya wazee wengi ni Kisukuma. Mzee akimwambia, “Mshipa waniuma,” aandike nini: damu, neva, au ngiri? Akikosea, tiba nayo hukosea.

Hivyo twapendekeza neva iwe istilahi ya darasani na ya jalada la mgonjwa, na mshipa ubakie wa damu. Hata hivyo, mgonjwa hataacha kusema mshipa. Walimu hawana budi kumzoeza mwanafunzi aulize kwanza: ni wapi, pana uvimbe, au pana ganzi?