Karibu Kwetu, Lakini "Kwetu" Ni ya Nani?

Kiswahili kina neno moja, mgeni, kwa watu wawili ambao hatuwapokei sawa. Kuna mgeni wa kuchinjiwa kuku, na kuna mgeni anayeulizwa na landilodi kama ana karatasi. Methali zetu zinaujua mchezo huu. Moja inasema mgeni njoo, mwenyeji apone. Nyingine inampa siku mbili, ya tatu anapewa jembe. Zote zinamtazama mgeni kwa jicho la mwenyeji: ametuletea nini, atatufanyia nini. Hakuna inayouliza yeye analala vipi usiku.

Nimelifikiria sana neno hili nikisoma tena Welcome to Our Hillbrow, riwaya fupi ya Phaswane Mpe iliyotoka Afrika Kusini mwaka wa 2001. Wengi huisoma kama riwaya ya UKIMWI, ama ya Johannesburg baada ya ubaguzi wa rangi. Ni sawa. Lakini mimi naona ni mojawapo ya vitabu bora tulivyo navyo kuhusu mwanafunzi anayetoka kwao kwenda kusoma mji wa watu, na kuhusu kile watu wa mji huo wanasema akipita.

Hadithi iko hivi. Refentše anatoka kijiji cha Tiragalong kuja kusoma Chuo Kikuu cha Witwatersrand, na anafikia Hillbrow, mtaa wa maghorofa karibu na chuo. Anakaa kwa binamu yake ambaye ni polisi. Binamu huyu ana jibu moja kwa kila swali: uhalifu, uchafu, dawa za kulevya, ugonjwa, vyote vimeletwa na makwerekwere, yaani Waafrika kutoka nchi nyingine. Jina lenyewe ni dhihaka ya masikio, mwigo wa jinsi lugha za wageni zinavyosikika kwa mtu ambaye hana haja ya kuzielewa. Refentše anabishana naye. Anamkumbusha kwamba hata wao wawili Hillbrow si kwao, walitoka kijijini. Binamu hasikii, juu kwa akili yake mtu wa kijijini amehama tu, lakini mtu wa Lagos amevamia.

Refentše anajiua. Tayari ni marehemu tangu ukurasa wa kwanza, na msimulizi anamwambia yeye hadithi yake mwenyewe, kwa "wewe". Hapo ndipo Refilwe anapochukua nafasi. Huyu ni msichana wa Tiragalong aliyekuwa mpenzi wake zamani. Kwa wivu, Refilwe anaeneza habari kwamba Lerato, mpenzi mpya wa Refentše, ni mtoto wa Mnaijeria. Hakuna haja ya ushahidi. Kijijini, kusema baba ya mtu ni mgeni kunatosha kueleza kila baya lililotokea.

Halafu Mpe anafanya jambo ambalo kwangu ndilo moyo wa kitabu. Anamchukua Refilwe, huyu huyu aliyetumia ugeni wa watu kama silaha, na kumpeleka Uingereza kusoma shahada ya uzamili Oxford. Sasa mgeni ni yeye. Pale uwanja wa ndege wa Heathrow anaona jinsi Wanaijeria wanavyotazamwa, na anagundua kwamba Uingereza nayo ina neno lake la makwerekwere. Neno hilo ni "Waafrika", na yeye pia yumo ndani yake.

Tena Mpe hafanyi ule urahisi wa kusema wageni wote huteseka sawa. Refilwe ana bahati ya Mandela. Akisema ametoka Afrika Kusini, watu wanachangamka, kana kwamba yeye mwenyewe alikaa gerezani miaka 27. Mnaijeria wa foleni ile ile hapati hata tabasamu. Mji wa chuo una ngazi ya wageni, na Refilwe anajikuta katikati, chini ya wenyeji na juu ya Waafrika wenzake. Mtu anaweza kukaa miaka kwenye ngazi ya katikati bila kujiuliza nani yuko chini ya miguu yake. Refilwe anajiuliza, na nafikiri ni kwa sababu ndiko alikowaweka wengine.

Anampenda Mnaijeria mmoja huko Oxford, mwanamume mwenye sura kama ya Refentše. Wote wawili wanaugua. Inabainika kwamba Refilwe alikuwa na virusi miaka mingi kabla ya kukutana naye, tangu siku ambazo bado alikuwa mtu wa nyumbani miongoni mwa watu wa nyumbani. Anarudi Tiragalong kufa, na Tiragalong inatoa hukumu ambayo yeye mwenyewe aliifundisha: si alitembea na mgeni, alitarajia nini? Uongo wake wa zamani umemsubiri pale kijijini.

Sasa, jina la kitabu. "Karibu Hillbrow yetu." Maneno hayo yanarudi tena na tena, na kila yanaporudi "yetu" inapanuka: Hillbrow yetu, Heathrow yetu, Oxford yetu. Kuna lugha ambazo zina "sisi" mbili, sisi pamoja na wewe ninayekuambia, na sisi bila wewe. Kiswahili kina moja tu, kama Kiingereza cha Mpe. Ukimwambia mtu "karibu kwetu" unaweza kumaanisha pawe pake pia, ama unaweza kumaanisha asisahau ni pa nani. Mpe ameandika riwaya nzima ndani ya ufa huo. Mwanzoni "yetu" inasikika kama kejeli. Kufika mwisho msomaji anaombwa aichukue kwa dhati.

Mimi sikuweza kuichukua yote. Kitabu kina kasoro, na iko mahali penye uzito zaidi. Mgeni mwenyewe haongei. Wanaijeria wa Hillbrow wanatetewa na Refentše, wanasingiziwa na binamu, lakini hatuingii chumbani kwao. Hata yule wa Oxford tunamjua kwa uraia na sura ya mtu mwingine kuliko kwa maisha yake. Huruma inakuja pale tu mtoto wa nyumbani anapoumia. Yaani ili tuamini maumivu ya mgeni, lazima kwanza yampate mtu wetu. Hiyo ni huruma ya mwenyeji bado.

Ndiyo maana nakiweka kitabu hiki kando ya One Day I Will Write About This Place, kumbukumbu ya Binyavanga Wainaina iliyotoka 2011. Miaka ile ile ya mapema ya tisini, Binyavanga alikuwa mwanafunzi Mkenya katika Chuo Kikuu cha Transkei, mjini Umtata. Alienda kusomea biashara na hakumaliza. Hapa mgeni anaongea, na cha kushangaza ni kwamba hajiombei huruma. Kuna chumba, kuna riwaya anazosoma mchana kutwa akijificha, kuna sauti ya Brenda Fassie. Anaipenda nchi ile hata inapomkanganya. Kwa Mpe mgeni ni mtihani wa maadili ya mwenyeji. Kwa Binyavanga ni kijana ambaye ameshindwa kuamka aende darasani, na ana haki ya kushindwa bila kuwa mfano wa taifa lolote. Uhuru huo wenyeji huwa nao bila kujua. Mwenyeji akiacha chuo, ni yeye ameacha. Mgeni akiacha, "hao watu wako hivyo."

Mkenya akisoma Mpe ni rahisi kutikisa kichwa na kusema hao wa Kusini wana shida. Mwaka wa 2008, miaka saba baada ya riwaya, mashambulizi dhidi ya wageni Afrika Kusini yaliua watu 62, na 21 kati yao walikuwa raia wa nchi hiyo. Chuki ya mgeni haina macho mazuri. Lakini sisi pia tuna kumbukumbu yetu. Mwaka wa 2014, wakati wa operesheni ya Usalama Watch, maelfu ya watu, wengi wao Wasomali, walikusanywa Nairobi na wengi wakafungiwa uwanja wa Kasarani kukaguliwa karatasi. Uwanja wa michezo, na Wakenya wengine tukaendelea na shughuli.

Na si lazima iwe operesheni. Nenda mtaa wowote wa wanafunzi, usikilize. Mwanafunzi mzungu aliyekuja muhula mmoja anafundishwa kusema "mambo" na kila mtu anafurahi akikosea. Mwanafunzi wa Sudan Kusini kwenye ploti ile ile anaambiwa ana pesa, ndio maana rent imepanda. Akinyamaza ana maringo, akiongea ana kelele. Wote wawili tuliwaambia karibu. Tulitumia neno lile lile.

Mpe alikufa 2004 akiwa na miaka 34, na hii ndiyo riwaya pekee aliyochapisha. Ningependa kusoma riwaya ya Eldoret ama ya Kasarani iliyoandikwa na huyo wa Sudan Kusini, kwa Kiswahili chake alichojifunza dukani na kwenye bodaboda, ambamo sisi ndio watu wa ajabu wanaoongea kwa sauti ya juu kwenye ngazi. Kama iko tayari kwenye simu ya mtu, ailete.